Mikimbio 21, Mpira Mmoja

Somo la Jumapili ya tatu ya Kwaresima: Luka 13:6–9

Marehemu baba alikuwa mtunza uwanja wa kriketi hapa Nairobi, upande wa Parklands, na msimu wa masika kazi yake kubwa ilikuwa kuwahi. Wingu likianza kujikusanya upande wa Ngong, yeye na wenzake watatu waliacha chai ipoe wakakimbilia turubai. Lilikuwa zito, linanuka mafuta na nyasi zilizooza, na ilibidi livutwe mpaka lifunike piti, ule ukanda mgumu wa katikati ambao mpira hudundia. Wachezaji wenyewe walikuwa wanaelekea barazani polepole, hawana haraka. Baba alirudi amelowa chapachapa, akajipangusa uso kwa kiganja, kisha akatazama saa. Kwa muda mrefu nilidhani anahesabu saa ya kwenda nyumbani. Siku moja nilimuuliza. Akanijibu, "Mvua hii hainyweshi nyasi bure, mwanangu. Inakula ova."

Najua usharika wetu ni wa watu wa kandanda, wa Gor na wa Ingwe, na mpira wao huchezwa hata kwenye matope ya magoti. Kriketi haichezwi mvuani. Kwa hiyo nivumilieni kidogo niwaeleze, maana somo la wiki hii nimelielewa kwa kupitia uwanja ule.

Ova moja ni mipira 6. Katika mechi ya siku moja kila timu hupewa ova 50 na wiketi 10, maana yake wapigaji wake 10 wakishatolewa zamu imekwisha, hata kama ova zimebaki. Timu ya kwanza hupiga ikaweka jumla ya mikimbio, yaani alama zake, ya pili huifukuzia jumla hiyo. Sasa mvua inyeshe katikati ya zamu ya pili, muda upotee, ova zipunguzwe. Huyu anayefukuza afukuze nini? Jumla ile ile? Nusu yake? Na nani aamue?

Tarehe 22 Machi 1992, mjini Sydney, Uingereza na Afrika Kusini zilikutana katika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Afrika Kusini ilikuwa inacheza kombe hilo kwa mara ya kwanza, baada ya miaka mingi ya kutengwa na michezo kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Siku tano tu kabla, wapiga kura weupe wa nchi hiyo walikuwa wameamua kwa kura ya maoni kwamba mageuzi yaendelee. Uingereza ilipiga ova 45, ikafikisha mikimbio 252. Afrika Kusini ikafukuza vizuri, mpaka ikabaki kuhitaji mikimbio 22 kwa mipira 13. Ni kazi ngumu, lakini inafanyika. Hapo mvua ikashuka.

Haikuwa mvua ya kutisha. Ilidumu kama dakika 12. Waamuzi wakakata ova mbili, yaani mipira 12. Wapigaji waliporudi katikati ya uwanja, ubao mkubwa uliwaonyesha kwamba wanahitaji mikimbio 22 kwa mpira mmoja. Hata ubao ulikosea, hesabu halisi ilikuwa 21. Hayo hayakubadilisha lolote, kwa kuwa pigo kubwa kabisa la kriketi linaleta 6. Brian McMillan akaugusa ule mpira wa mwisho, akakimbia mkimbio mmoja, na wote wakatoka uwanjani.

Nilipoisoma habari hii kwa mara ya kwanza nilidhani kulikuwa na hila. Hapakuwa na hila. Kanuni ilifuatwa neno kwa neno, na ilikuwa imetungwa na watu wenye nia njema. Zamani walikuwa wakigawa kwa wastani tu: ova zikipungua kwa nusu, mikimbio nayo inapungua kwa nusu. Hiyo ilimpendelea mno anayefukuza, kwa sababu mwenye wiketi 10 na ova chache hupiga bila woga wa kutolewa. Kwa hiyo wakabuni nyingine. Ova zikipotea mbili, tazama zamu ya timu ya kwanza, tafuta ova zake mbili zilizoleta mikimbio michache zaidi, uondoe hizo. Inaonekana safi kabisa. Lakini ova mbaya za Uingereza zilikuwa mbaya kwa nini? Kwa sababu warushaji wa Afrika Kusini walizibana. Ova zile mbili zilizoondolewa zilikuwa na mkimbio mmoja tu ndani yake. Jasho lao wenyewe la mchana ndilo lililowafunga jioni.

Hapa ndipo ninapolazimika kusema habari zangu.

Katika usharika mmoja niliohudumu zamani tulikuwa na ahadi za ujenzi. Kila familia ilijaza kadi mwezi wa kwanza. Familia moja, mume fundi mwashi na mke muuza mboga, ikaahidi shilingi 24,000 kwa mwaka, elfu mbili kila mwezi. Walitoa mpaka Juni bila kukosa. Julai yule fundi akafa. Tulizika, tulichanga, tulilia naye mama. Kamati ikaamua, kwa huruma, kwamba kwa miezi mitatu asikumbushwe ahadi. Oktoba ikafika, barua ikaandikwa. Ilisema kwamba kanisa linamshukuru Mungu kwa uaminifu wa familia hiyo, kwamba tulimpa nafasi ya kuomboleza, na kwamba salio ni shilingi 12,000, linalotakiwa kabla ya mwaka kwisha.

Elfu nne kwa mwezi, kwa mtu ambaye hata elfu mbili zilikuwa zikitoka mfukoni mwa marehemu.

Mweka hazina hakuwa mtu mbaya. Ahadi ni ahadi, alisema, na kitabu chake kilikuwa sahihi mpaka senti ya mwisho. Barua haikumtukana mama. Sahihi iliyokuwa chini ya barua ile ilikuwa yangu. Niliitia jioni moja, katikati ya barua nyingine kumi na kitu, nikiwa nawahi kipaimara. Tulimwondolea ova, mikimbio tukaiacha ilipokuwa, na tukaiita hiyo huruma.

Sasa turudi kriketini, kwa sababu baada ya Sydney kuna watu wawili walikaa wakafikiri, na kufikiri kwao kumenifundisha kuliko vitabu kadhaa vya uchungaji nilivyonunua. Mmoja ni Frank Duckworth, mtakwimu Mwingereza. Mwaka ule ule wa 1992 aliwasilisha makala kuhusu jambo hili katika mkutano wa Chama cha Kifalme cha Takwimu mjini Sheffield. Wa pili ni Tony Lewis, mhadhiri wa Bristol, aliyejiunga naye. Njia yao ilitumika kwa mara ya kwanza katika mechi ya kimataifa tarehe 1 Januari 1997 mjini Harare, Zimbabwe ikaishinda Uingereza kwa mikimbio 7. Profesa Steven Stern wa Australia aliipokea baadaye na kuirekebisha, na tangu hapo majina yanayotajwa ni matatu. Lewis alifariki mwaka 2020, Duckworth mwaka 2024.

Walichokiona ni kitu ambacho mtu angedhani kila mtazamaji anakijua. Timu inayopiga haina mali moja, ina mbili: muda uliobaki na watu waliobaki. Ukihesabu muda peke yake umedanganya. Kwa hiyo wakatengeneza jedwali. Timu yenye ova 50 na wiketi zote 10 ina asilimia 100 ya uwezo wake. Zikibaki ova 20 na hakuna aliyetolewa, katika jedwali lao la kawaida bado ina asilimia 56.6. Zikibaki ova zile zile 20 lakini watano wameshatolewa, ina 38.6. Wakiwa wametolewa tisa, ina 4.7.

Soma tena tarakimu hizo polepole. Ova ni 20 kote, na jua lililobaki ni lile lile. Ukimtazama mtu kwa mbali, ukaona ana ova 20 mbele yake, utasema huyu bado ana nafasi tele, mbona analalamika? Hujaona kwamba amebakiwa na wiketi moja. Yule mama alikuwa na miezi mitatu, na kila familia katika orodha yetu ilikuwa na miezi mitatu. Kamati yetu ilikuwa na kalenda ukutani. Jedwali hatukuwa nalo.

Wenye kujua wamepiga hesabu ya Sydney upya kwa njia ya Duckworth na Lewis. Kwa mpira ule mmoja Afrika Kusini ingehitaji mikimbio 5 ishinde, au 4 itoke sare. Hapo McMillan angekuwa na sababu ya kuinua gongo.

Na sasa mtini. Kisa mnakijua: mwenye shamba amekuja miaka mitatu kutafuta tini, hapati, anaamuru mti ukatwe usiendelee kula udongo bure. Mtunza shamba anamwomba auache mwaka mmoja zaidi. Nimehubiri kisa hiki mara nyingi nikikazia mwaka ule mmoja: subira ya Mungu, nafasi ya pili, tubu kungali mapema. Hubiri la namna hiyo halina kosa, lina upungufu. Mtunza shamba haombi mwaka peke yake. Anasema atauchimbia pande zote, atautia samadi. Anajua kwamba mti uliokaa miaka mitatu bila kuzaa ukipewa mwaka wa nne katika udongo ule ule utakuwa mti wa miaka minne bila kuzaa. Kwa hiyo anaomba muda, na pamoja na muda anaahidi kuongeza kilicho chini ya mizizi. Ova na wiketi. Na kumbukeni kwamba samadi hiyo ataibeba yeye. Itamnukia mikononi.

Jambo jingine ambalo sikuliona zamani: hamwombi mwenye shamba asahau tini. Mti bado unatarajiwa kuzaa. Nitalirudia hilo.

Lakini kwanza niwaguse wale ambao hadi hapa wamekaa vizuri kwenye kiti. Tunaposikia neno kurekebisha tunafikiri kupunguza. Jedwali la Duckworth halijui hivyo. Tarehe 24 Machi 2015, mjini Auckland, Afrika Kusini (hao hao, maskini) walikuwa wakicheza nusu fainali nyingine ya Kombe la Dunia na New Zealand. Walikuwa na mikimbio 216 baada ya ova 38, watatu tu wametolewa. Walikuwa wamejiwekea akiba kwa ajili ya ova 12 za mwisho. Mvua ikanyesha. Waliporudi walipewa ova tano tu, wakamaliza na 281 katika ova 43. New Zealand ikaambiwa ifukuze kwa ova 43 zile zile, na shabaha yake ikawekwa 298.

Mtu asiyejua atapiga kelele: mbona mwenzake alipata 281? Kwa sababu New Zealand ilijua tangu mpira wa kwanza kwamba ina ova 43, ikazipanga zote. Mwenzake alipanga 50, akakatwa katikati ya mpango. Aliyeanza akijua na asiyenyeshewa hawezi kudaiwa sawa na aliyekatwa. Anadaiwa zaidi. Sura moja tu nyuma ya kisa cha mtini, Luka anaandika jambo hili hili kuhusu aliyepewa vingi, na huwa tunalisoma kwa sauti ya chini. Baadhi yetu tulilipiwa karo mpaka mwisho, hatukuzika mzazi tukiwa kidato cha pili, hatukufungiwa kiwanda. Tumefikisha 281 na tunatazama huku na huku tukingoja kupigiwa makofi.

New Zealand ilishinda ikiwa umebaki mpira mmoja. Grant Elliott, mzaliwa wa Johannesburg, aliupiga mpira wa Dale Steyn ukavuka mpaka kwa sita. Steyn akaanguka chali juu ya piti. Elliott, badala ya kuwakimbilia wenzake, akamnyoshea mkono amwinue. Picha hiyo ninayo kwenye simu, na wanangu wameshachoka kuonyeshwa.

Kuna onyo moja kwa makatibu na wazee wa kanisa. Wengi wenu mnaikumbuka 2003, mwaka Kenya ilipoifunga Sri Lanka pale Gymkhana na kwenda mpaka nusu fainali ya Kombe la Dunia. Katika kundi lile lile, tarehe 3 Machi, Afrika Kusini ilikuwa inafukuza mikimbio 268 ya Sri Lanka huko Durban huku mvua ikizidi. Jedwali lilikuwepo na hesabu ilikuwa sahihi. Ujumbe uliowafikia wapigaji ulikuwa na tarakimu 229. Mark Boucher akapiga sita, wakafika 229, akauzuia mpira uliofuata bila kukimbia akidhani wameshashinda. Kumbe 229 ilikuwa tarakimu ya sare. Mechi ikakatishwa, ikawa sare, na wenyeji wakatoka kombeni. Kwa hiyo hata hesabu ikiwa ya haki, mtu asipoelezwa vizuri anachotakiwa, umemfanyia kazi nusu. Barua za kanisa ziandikwe kwa Kiswahili cha mtu anayeuza mboga.

Basi, yule mama. Alinyamaza wiki mbili, hakuja ibadani. Jumapili ya tatu nikauliza, nikaambiwa kuhusu barua, na ndipo nikakumbuka sahihi yangu. Jumatatu nilikwenda na mweka hazina hadi kibandani kwake, kando ya barabara. Kulikuwa kumenyesha. Paa lilikuwa gunia na karatasi ya nailoni, na katikati maji yalikuwa yamejikusanya kama tumbo. Alichukua mwiko akalisukuma kutoka chini, maji yakamwagika upande wa nyanya. Akatupisha kwenye ndoo mbili zilizopinduliwa.

Niliomba radhi. Kisha, nikijiona nimeiva kiroho, nikamwambia, "Mama, kamati imefuta salio lote. Hudaiwi kitu."

Nilitarajia atafurahi. Aliinamisha kichwa akaendelea kufunga mafungu ya sukuma wiki kwa kamba ya mgomba. Halafu akasema, "Mchungaji, mkifuta, jina la baba watoto litatoka kwenye ile orodha ya ukutani?"

Mweka hazina akasema litaandikwa kwamba limesamehewa.

"Msinifutie," akasema. "Mimi sijafa. Nipeni hesabu yangu."

Kriketi ina neno kwa ajili ya mechi ambayo mvua imeimaliza kabla timu ya pili haijapata angalau ova 20: haina matokeo. Haandikwi aliyeshinda wala aliyeshindwa. Ndicho nilichokuwa nimempelekea, nikidhani ni neema. Neema ipo, na katika mfano mwingine wa Yesu wale wafanyakazi wa saa kumi na moja walilipwa dinari nzima; siwezi kumpimia Mungu neema yake kwenye jedwali la Waingereza wawili. Ila mwenye shamba la mizabibu aliwalipa baada ya kuwapeleka shambani. Hakuwaacha sokoni na dinari mkononi.

Tukahesabu hapo hapo, nyuma ya daftari lake la madeni ya wateja. Siku nzuri anabakiwa na shilingi 300. Siku ya mvua hakuna kitu, mboga zinaoza, wateja hawasimami. Karo ya wawili. Kodi ya chumba. Mweka hazina, ambaye nakiri nilikuwa nimemhesabia moyo mgumu, alivua miwani akaandika mwenyewe. Mama akataja 200 kwa mwezi. Kwa miezi mitatu iliyobaki ni 600, badala ya 12,000. Halafu akaonyesha juu kwa mwiko ule ule, akauliza kama kuna kijana wa kanisa anayejua kupigilia mabati.

Walikuja watano Jumamosi. Mabati yalikuwa yale yaliyobaki kwenye ujenzi, manne, moja limejikunja pembeni. Desemba alileta bahasha yenye shilingi 650, na mweka hazina akamwandikia risiti ya 650, jina la marehemu juu, la mama chini yake.

Luka hatuambii mwaka ule wa mtini uliishaje. Mimi nilihamishwa usharika miaka iliyofuata. Juzi, masika yameanza, nilipita njia ile kwa miguu ikaninyeshea, nikakimbia pamoja na watu wengine kujibanza chini ya mabati yale. Tulikuwa kama wanane, mabega yamegusana, kelele ya mvua juu haikuturuhusu kuzungumza. Mama hakunitambua mara moja, maana alikuwa na kazi. Wale wote waliokuwa wanangoja mvua ikatike walikuwa wananunua nyanya.